Neno la Kupita kwa Mama Mwanahamisi

Jumatatu, 3 Oktoba 1988

Imefika! Imeshuka na ndege ya leo, ndani ya boksi lenye picha ya glasi iliyovunjika. Wapagazi walielewa kwamba ndani mna glasi, wakalibeba kwa adabu. Wangejua ni ordinateri wangelitupa kama gunia la chumvi.

Ordinateri, au kompyuta kama wanavyoiita kwenye redio ya Nairobi, ni ya Mama Mwanahamisi, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara. Mjane. Mkunga mstaafu, nusu ya Kasuku, mtaa wetu hapa Kindu, imepita mikononi mwake ikilia. Aliyeituma ni binti yake Halima, anayefanya kazi Kinshasa. Ametuma na sharti. Atakuja Jumapili. Akimkuta mama yake anaiwasha, anaifungua na kuandika mwenyewe, bila mwanamume kumsimamia mgongoni, mashine inabaki. Akishindwa, inarudi Kinshasa na ndege ileile. Halima anasema hataki mama yake awe na kitu kinachomtawala.

Mama Mwanahamisi amekwisha kuitangazia avenyu nzima kwamba hairudi. Ameifumia kitambaa cha kuifunika. Mtu hafumi kitambaa kwa ajili ya mgeni wa wiki moja.

Sasa mimi. Nilikuwa karani wa taipu hadi nilipostaafu. Mtu aliyepiga taipu hafundishwi kompyuta. Ni taipu iliyomeza televisheni, basi. Nimemwambia nitamfundisha. Amekubali!

Lengo langu nitaliandika hapa, kwa kuwa shajara haina mdomo. Nataka kumuoa. Ana akili, ana nyumba ya matofali, ana mkono wa kupika sombe, majani ya muhogo, ambao marehemu mume wake hakustahili. Lakini mwanamume hawezi kuingia kwa mjane kila jioni bila sababu. Sababu imeshuka na ndege.

Hatari ni mbili. Asipojua kitu, mashine inaondoka, na mimi naondoka nayo. Akijua kila kitu, mashine inabaki, naondoka peke yangu. Kwa hiyo ajue nusu. Nimepiga mstari chini ya neno hilo. Nusu.

Jumanne, 4 Oktoba

Somo la kwanza. Nilidhani tutakuwa wawili. Nilikuta baraza zima limehamia sebuleni: Mama Mwanahamisi, rafiki yake Bibi Jamila mwenye mdomo, wazee wengine kadhaa waliokuja kuona kama itapasuka. Na Godefroid!

Godefroid ni mwalimu mstaafu, mtu wa kijiji cha Tunda. Serikali ilifuta majina ya Kizungu miaka mingi iliyopita. Jina lake lilifutika, yeye hakufutika. Kwenye karatasi ni sitwayeni, yaani raia, Lohombo. Barazani bado ni Godefroid, na kiti chake hakikaliwi na mtu mwingine.

Umeme unatoka kwenye grupu, jenereta la marehemu mume wake, lililoko uani. Ukivuta kamba linanguruma kama lori la Kampene linalopanda kilima. Nikalivuta. Nikakaa mbele ya mashine. Nikapiga herufi kwa vidole kumi bila kutazama, mistari mitano. Wazee wakashangilia. Mama Mwanahamisi akaomba kujaribu. Nikamwambia angoje. Akaomba tena. Nikamwambia mashine bado ina joto.

Hapo Godefroid akauliza, kwa sauti ya upole inayoniudhi, kwa nini mikono ya mwanafunzi iko mapajani na ya mwalimu iko kwenye klavye, juu ya herufi. Alisema darasani kwake mwalimu aliweka mikono nyuma. Akainuka kuonyesha. Mikono nyuma, kama mtu aliyekamatwa! Akamwambia Mama Mwanahamisi abonyeze anachotaka. Kubonyeza hakuvunji kitu. Vinavyovunja ni vumbi, maji na radi. Mama Mwanahamisi akabonyeza kwa kidole kimoja: M, A, M, A. Wakashangilia kuliko walivyonishangilia mimi. Kwa herufi nne!

Nikanyoosha mkono kueleza kwamba herufi nne si kitu. Kikombe changu cha chai kikaanguka kwenye klavye. Godefroid akazima, akachomoa waya, akaigeuza klavye chini juu, akaifuta. Mama Mwanahamisi alinitazama. Alikuwa anangoja kitu. Nikaeleza kwamba kikombe kiliwekwa vibaya. Kumbe aliyekiweka ni yeye.

Lakini! Wenzangu walipotoka kupunga upepo nilibaki, eti kukausha. Nikawasha. Disketi iliyokuja na mashine inataka mwenyewe achague neno, ili asilolijua asiingie. Nikachagua kwa niaba yake. Nikaandika SUMAILI. Jina langu. Zuri. Rahisi kulikumbuka, kwangu mimi.

Tangu leo hafungui bila mimi. Jumapili nitakuwa pembeni, nitakohoa, nitainama, nitafungua. Nusu!

Jumatano, 5 Oktoba

Sikutegemea hili.

Mama Mwanahamisi alikaa mwenyewe kwenye kiti. Kioo kikaandika: MOT DE PASSE? Akauliza inataka nini. Nikamtafsiria: neno la kupita.

Akasema, kama ni neno la kupita, mbona haikusema tangu jana? Neno la kupita linajulikana na kila mutoto. Akabonyeza H, O, D, I. Kioo kikaonyesha nyota nne, kisha kikakataa. Akasema aliyeko ndani hajasikia. Akaandika tena, na safari hii Bibi Jamila akamsaidia kwa sauti, hodi! hodi! mpaka kuku wa uani wakatawanyika. Kikakataa. Mara ya tatu wazee wote walipiga hodi pamoja. Mashine ikajifunga. Ndivyo ilivyotengenezwa: ukikosea mara tatu inafunga mlango, mpaka uizime na kungoja.

"Njo basi," akasema Mama Mwanahamisi, yaani ndiyo hivyo. Mgeni anabisha hodi mara tatu. Asipoitikiwa anarudi kwao, na hana ruhusa ya kununa. Wakainuka wote. Wakavaa viatu. Wakatoka kwa utaratibu, yeye wa mwisho, akafunga mlango polepole. Wa nyumba yake mwenyewe!

Nilibaki sebuleni na sahani ya mikate ya kukaanga. Hiyo niliihesabu kuwa faida.

Faida haikudumu. Alirudi amekunja uso. Alikuwa amefikiri huko nje. Akauliza, "Iko nani mule ndani?" Kwamba nyumba ni yake, meza yake, mashine yake, na yeye ndiye anayebisha hodi, halafu kuna mtu anamkatalia. Ni nani huyo? Nikamwambia ni mambo ya usalama, neno lina mtu wake maalumu, mtaalamu. Akauliza kama mtaalamu ni mimi. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Godefroid akasema kufuli ambalo ufunguo wake uko kwa jirani si kufuli, ni pambo. Akawaeleza wazee, mmoja mmoja, kama watoto wa darasa la kwanza: neno la mashine linakaa kwa mwenye mashine. Halipewi rafiki, halipewi fundi. Hasa halipewi mtu anayesema amekuja kukusaidia.

Alikuwa anatazama dari aliposema hivyo. Nilijiuliza anamsema nani.

Alhamisi, 6 Oktoba

Mpango mpya. Mzuri sana. Nilisikia kwenye redio ya ng'ambo kwamba huko Ulaya kompyuta zinashikwa na virusi. Hazifi, lakini zinasahau. Nikachukua disketi yangu tupu, nikaandika juu yake DAWA kwa wino mwekundu, nikaenda.

Nikawatangazia, kwa uso wa daktari, kwamba mashine haikatai kwa ubaya. Inaumwa. Ina virusi. Na mwenye dawa katika Kindu yote ni mtu mmoja.

Nilingoja shukrani. Nilikuwa nimesahau kwamba nazungumza na mkunga.

Mama Mwanahamisi alisimama. Hata sauti yake ilibadilika. Akauliza virusi vinaingia kwa njia gani. Nikamjibu kwa fahari: kwa disketi za kigeni. Akauliza nani ameleta disketi ya kigeni humu. Mimi. Nani alikuwa wa kwanza kuigusa mashine? Mimi. Nani alibaki nayo peke yake wengine walipotoka? Nikaona barabara inakoelekea, lakini nilikuwa nimekwisha kujibu.

Akanawa kwa sabuni hadi viwikoni. Akaizima mashine, akaifunika kwa kitambaa chake. Akafunga kipande cha bendeji kwenye kitasa cha mlango. Karantini. Si ya mashine. Yangu!

Godefroid akaunga mkono. Alisema hata kama hajui virusi vya kompyuta vikoje, disketi usiyoijua inakotoka haiingii kwenye mashine yako, hata ikiwa imeandikwa DAWA. Hasa ikiwa imeandikwa DAWA.

Jioni chai yangu ililetwa hadi barabarani, ndani ya kikombe cha bati. Aliyeileta alisema kikombe nisikirudishe.

Ijumaa, 7 Oktoba

Baada ya sala Bibi Jamila alisimama kwenye ua wangu, mikono kiunoni. Alikuwa na habari na alikuwa anafurahia kila tone lake.

Mama Mwanahamisi ameifungua mashine. Bila mimi! Alikaa mbele yake na chai (kwenye kiti kingine, mbali, sasa ni sheria ya nyumba), akasema, "Virusi haviko. Iko mutu." Akajiuliza mtu huyo, akiachiwa achague neno bila kumuuliza mwenye nyumba, atachagua lipi. Alisema angekuwa Godefroid angeweka jina la shule. Angekuwa Jamila angeweka jina la adui yake. "Lakini huyu?" Akabonyeza taratibu, S, U, M... Mlango ukafunguka kwa jaribio la kwanza. Wakacheka mpaka kilemba cha mzee mmoja kikaanguka.

Nikamuuliza kama Mama Mwanahamisi naye alicheka, au alitabasamu. Bibi Jamila akasema alicheka akashika nguzo. Mimi nadhani alitabasamu.

Na nitazame upande wa pili. Amebonyeza jina langu kwa kidole chake mwenyewe, herufi moja baada ya nyingine, na kitu kikafunguka. Si jambo dogo.

Kisha akabadilisha neno. Godefroid alimsomea kitabu cha maelezo, na walipofika mahali pa kuandika neno jipya Mama Mwanahamisi akaamuru wote wageukie ukuta. Hata Godefroid! Hilo lilinifariji siku nzima.

Bibi Jamila alikuwa na ujumbe. Neno jipya ni neno ambalo kila mtu wa Kindu anafundishwa kabla meno ya utoto hayajang'oka. Lakini Papa Sumaili hatalipata, kwa sababu halijawahi kutoka kinywani mwake. Na karantini imekwisha. Naweza kuja wakati wowote nitakaojua la kusema nikifika.

La kusema! Nimeandaa hotuba ya Kifaransa, kurasa mbili.

Jumamosi, 8 Oktoba

Siku ya salongo. Avenyu nzima inatoka na majembe na mapanga kufyeka majani na kuzibua mitaro, kwa ajili ya taifa. Nikaona nafasi. Wote wako nje, sebule iko tupu. Nitalipata neno, niliweke tena langu. Kesho Mama Mwanahamisi atashindwa mbele ya Halima, nami nitajitokeza kumwokoa. Akishaokolewa, posa.

Nikamwambia Hamadi, mkubwa wa avenyu, kwamba mgongo umenikamata. Nikapita uani kwa Mama Mwanahamisi. Hodi sikubisha. Ya nini, kama hakuna wa kuitika?

Nikavuta kamba ya grupu.

Hapa niliteleza. Nilikuwa nimefikiria kila kitu isipokuwa kelele. Lakini nikajiambia watu wanaofyeka hawasikii.

Kazi ya kichwa: neno ambalo halijawahi kutoka kinywani mwangu. Nilifikiri kwa haki, bila kujipendelea. Nikaandika NIMESHINDWA. Ikakataa. Nikaandika SIJUI. Ikakataa. Kwa la tatu nilikaa kidogo. Nikaandika GODEFROID YUKO SAWA. Ni maneno matatu, lakini hayajawahi kutoka pamoja. Mashine ikajifunga.

Nilipoinua macho dirisha lilikuwa limejaa nyuso. Majembe. Mapanga. Mbele yao Hamadi, ametulia. Akauliza kama huyu ndiye sitwayeni mwenye mgongo. Nikasema nilikuwa napambana na virusi kwa ajili ya taifa. Hamadi akasema taifa liko mtaroni.

Mama Mwanahamisi aliingia, akaweka jembe lake ukutani, akasimama mbele yangu. Akangoja. Nami nikangoja. Grupu lilikuwa linanguruma. Akauliza, taratibu, kama sina la kusema. Nikasema ninalo. Petroli inakaribia kwisha.

Akafumba macho. Alipoyafumbua alikuwa ananitazama kama wanavyotazama mzigo uliokosea bandari. Nilimsikia akimwambia Bibi Jamila, neno moja tu, dada yangu, moja tu lingetosha, na ulimi wake umeshindwa kulibeba.

Nimezibua mtaro peke yangu mpaka magharibi. Godefroid alikuja kusaidia, ingawa hakuombwa. Nikageuka na koleo nikamkanyaga mguu, kwa nguvu. Akaruka, akasema, "Samahani, Papa Sumaili." Yeye! Mguu wake ndio uliokanyagwa! Mtu anayeomba samahani ovyo namna ile hawezi kuongoza nyumba. Bibi Jamila, aliyekuwa ng'ambo ya mtaro, alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani mabichi. Akasema, "Umelisikia, Papa? Umelisikia?" Nilikuwa nimemsikia vizuri. Sioni kinachochekesha.

Jumapili, 9 Oktoba

Halima amefika. Mrefu, mkimya, miwani. Nilivaa abakosi yangu ya kijivu, suti yetu isiyo na tai, nikainyoosha mpaka inasimama yenyewe. Nikaruhusiwa kukaa mlangoni.

Nataka kuandika sawasawa nilichokiona.

Mama Mwanahamisi aliivuta kamba ya grupu mwenyewe, likawaka kwa mvuto wa pili. Akanawa mikono, akaikausha. Akaondoa kitambaa, akakikunja mara nne. Vikombe vyote vilikuwa nje kabla Godefroid hajafungua kinywa. Kulikuwa na wingu zito ng'ambo ya mto Lualaba. Akamwambia binti yake kwamba radi ikilia watazima na kuchomoa waya, na hata kama amefika katikati ya neno, neno litangoja. Halima akavua miwani, akaivaa tena.

Kisha akawaamuru wote wageukie ukuta. Na binti yake vilevile. Na mimi mlangoni. Niligeuka. Lakini kabati la vyombo lina kioo, na shingo yangu haina sheria. Vidole sikuviona, mgongo wake uliviziba. Nyota niliziona. Zilikuwa nane!

Ikafunguka mara moja.

Akaandika kwa vidole viwili, bila haraka, midomo ikitembea: MIMI MWANAHAMISI. MASHINE HII NJO YANGU. HAITOKE HAPA.

Halima alisoma. Akasoma tena. Akatoka nje kutazama wingu. Mvua ilikuwa bado haijaanza, na wingu halikuwa na kitu kipya, lakini alilitazama kwa muda.

Aliporudi akamwomba mama yake neno la siri, akaliweke Kinshasa, kwa lolote litakalotokea. Mama Mwanahamisi akakataa! Mtoto wake wa kumzaa! Alisema siku akizeeka vya kutosha kulisahau, hata mashine hatakuwa na haja nayo. Na neno ukimpa binti umempa na mkwe. Wazee wakapiga makofi. Halima akasema, kwa Kifaransa, kwamba hapo ndipo alipotaka mama yake afike. Mashine inabaki. Bibi Jamila akapiga kigelegele, na mzee wa kilemba akauliza kama zamu yake ya kubonyeza ni leo au kesho.

Nikaona wakati umeiva. Nikasogea mbele na kurasa zangu mbili. Nilikuwa nimefikia mstari wa tatu, kwamba ushindi huu ni wetu sote na hasa wa aliyeanza, Halima aliponikatiza. Akauliza kama mimi ndiye wa chai. Nikasema ndiye. Na wa virusi? Ndiye. Na wa grupu, jana? Nikakubali yote matatu, ili aone kwamba nina uzoefu.

Mama Mwanahamisi akasema mbele ya watu, bila hasira, "Papa Sumaili, mlango iko wazi. Wali iko. Samaki iko. Lete lile neno, ukae ule."

Chumba kizima kiligeuka kunitazama. Godefroid alikuwa anachezesha midomo bila sauti, kama anamnong'oneza mwanafunzi jibu la mtihani. Sikutaka msaada wake. Nikasema kwamba kazi ya kuanzisha jambo ni ngumu kuliko ya kulimaliza, na kwamba nitakula nyumbani.

Nilikuwa barabarani Godefroid aliponifikia na sahani yake. Alinigawia nusu ya samaki. Akasema samahani, upande wa kichwa ulikuwa umekwisha kuliwa. Tena samahani! Mtu huyu ana ugonjwa.

Samaki alikuwa mzuri sana.

Jumatatu, 10 Oktoba

Nimelipata.

Nimekaa asubuhi yote kwenye kivuli cha ukuta na kalamu, nikapanga ninayoyajua. Neno lina herufi nane. Kila mtu Kindu analijua tangu utotoni. Halijawahi kutoka kinywani mwangu. Na yeye hakutaka kulitaja mbele ya watu, hata mbele ya binti yake.

Sasa. Ni neno gani ambalo mwanamke mwenye malezi, katika jamii yetu, hawezi kulitamka mbele ya watu? Jina la mume wake! Au la mtu anayemwekea nafasi hiyo. Na ni neno gani mtu halitamki kamwe yeye mwenyewe, kwa sababu wengine ndio wanaomtamkia? Jina lake! Mimi sijiiti Sumaili. Naitwa tu.

Kwa hiyo alilifuta jina langu mbele ya watu, kwa heshima, kisha akalirudisha wakiwa wamegeukia ukuta. Kwa mapenzi. Yote yanakaa mahali pake.

Kulikuwa na kikwazo kimoja. SUMAILI ni herufi saba, na nyota zilikuwa nane. Kilinisumbua mpaka karibu adhuhuri. Kisha nikacheka peke yangu. Watu wa hapa hawaachi konsonanti wala vokali ipumzike. Lazima waongeze kitu katikati. Mutu. Mutoto. Mukubwa. Mama Mwanahamisi hanitamki Sumaili. Nilimkumbuka vizuri anavyoniita ng'ambo ya barabara. Sumayili! S, U, M, A, Y, I, L, I. Nimehesabu kwa vidole, nikahesabu tena kwa punje za mahindi. Nane!

Bibi Jamila alipita akauliza kama neno nimelipata. Nikatabasamu tu. Akasema mjukuu wake wa miaka mitatu alilisema leo asubuhi alipomwaga uji. Sishangai. Najulikana sana avenyu hii.

Ningeweza kwenda leo, mlango uko wazi. Lakini neno kama hili halisemwi tu mlangoni kama hodi. Linaandikwa. Mama Mwanahamisi atarudi kutoka salongo Jumamosi, atakuta kioo kinawaka, mlango wa mashine uko wazi, na mimi nimekaa mbele yake na abakosi. Hatahitaji hotuba.

Tatizo la kelele nimelitatua. Nitalifunika grupu kwa godoro. Langu ni jembamba, nimeazima la Godefroid. Hakuuliza la nini. Alisema samahani, lina tundu kidogo upande wa miguu.

Na wakinikamata, safari hii la kusema ninalo tayari. Godoro ni la Godefroid.